Kashata, mabibo na sandarusi: umbo la molekuli linavyoamua kipi kigande kuwa kioo

Kashata ya korosho iliyoiva sawasawa ni kioo. Ukiivunja inakatika kwa mlio, kingo zake zinakwaruza ulimi, na pale pasipo na korosho mwanga unapita. Sukari iliyoizaa, ilipokuwa bado kwenye mfuko wa dukani, ilikuwa fuwele: molekuli zimepangwa safu kwa safu, kila moja na mahali pake. Ndani ya kashata molekuli hizo hizo zimekwama shaghalabaghala, vile vile zilivyokuwa shira ilipokuwa bado inatiririka.

Huku Mtwara na Lindi kuna anayelalamika kwamba kashata zake zinanata kabla hazijafika stendi. Kuna anayekausha juisi ya mabibo, yaani matunda ya mkorosho, apate unga, akaishia na gundi. Na kuna anayejiuliza kwa nini mafuta ya maganda ya korosho hayagandi hata yakikaa ndooni muda mrefu. Hayo ni maswali ya aina moja, na majibu yake yote yamo ndani ya umbo la molekuli. Ukilijua umbo, unajua mapema kitu kitagandaje, kwenye joto gani, na kitaharibikia wapi.

Kimiminika chochote kikipoa kina njia mbili. Ya kwanza, molekuli zinajipanga zikawa fuwele. Ya pili, kimiminika kinazidi kuwa kizito, molekuli zinapungua kasi, mpaka zinashindwa kupishana kabla hazijapata nafasi ya kujipanga. Njia hiyo ya pili ndiyo inayozaa kioo. Hapo hakuna nyuzi moja ambayo kitu kinageuka ghafla kama maji yanavyogeuka barafu. Mnato, yaani ugumu wa kutiririka, unapanda tu, na wanaoupima wamekubaliana kuweka alama pale unapofikia takriban mara trilioni elfu moja ya mnato wa maji. Joto la mahali hapo nitaliita joto la kioo. Chini yake kitu ni kigumu na kinavunjika. Juu yake kidogo kinavutika, kinabonyea, kinang'ang'ania vidole.

Vipo vitu visivyoijua kabisa njia ya pili, na chumvi ya majaruba yetu ya pwani ni mfano mzuri. Ndani yake kuna ioni (atomi zenye chaji ya umeme) za aina mbili tu, sodiamu na kloridi, zote duara, hazina mbele wala nyuma. Ioni ikigusa uso wa fuwele imeshafika. Haihitaji kugeuka wala kujikunja. Maji yakikauka, chumvi inakuwa vipande vya pembe mraba, leo na kesho, bila mpishi kufanya lolote.

Sukari ya mezani, yaani sukrosi, ni kiumbe kingine. Molekuli moja ina atomi 45. Ina pete mbili: moja ya pembe sita, ambayo ni upande wa glukosi, na moja ya pembe tano, ambayo ni upande wa fruktosi. Pete zimeshikana kwa daraja moja la oksijeni, na zinaweza kupinda kidogo hapo. Pembeni zimejitokeza jozi 8 za oksijeni na haidrojeni, ambazo wakemia huziita vikundi vya OH, na kila kikundi kinaweza kumshika jirani kwa kifungo cha haidrojeni. Ili molekuli hiyo iingie kwenye fuwele ni lazima ifike mahali pake, igeukie upande sahihi, pete zikae kwa pembe sahihi, na iwe imeachia majirani wote iliowashika ovyo njiani. Kwenye shira ya moto inaweza. Shira ikipoa haraka, muda huo haupo.

Nguvu ya vikundi vya OH unaweza kuipima kwa vitu viwili ambavyo pengine unavyo nyumbani. Propani, moja ya gesi za mtungi wa kupikia, ina kaboni tatu na haina OH hata moja. Inachemka nyuzi 42 chini ya sifuri. Gliserini ya duka la dawa nayo ina kaboni tatu, ila kila kaboni imebeba OH. Inachemka karibu na nyuzi 290. Kwa vitabu, gliserini inapaswa kuganda kuwa fuwele kwenye nyuzi 18. Iweke kwenye friza uone: inazidi kuwa nzito tu. Kuipata fuwele yake ni kazi kubwa, na joto lake la kioo liko karibu nyuzi 83 chini ya sifuri. Ukirefusha mnyororo huku kila kaboni ikiendelea kubeba OH moja, joto la kioo linapanda: kaboni tano, ambayo ni zailitoli ya kwenye bazoka zisizo na sukari, linafika takriban nyuzi 24 chini ya sifuri, kaboni sita, sorbitoli, linakaribia sifuri yenyewe. Mnyororo ukiwa mrefu na wenye vishikio vingi, unahitaji joto zaidi ili usogee.

Sorbitoli ina ndugu yake aitwaye manitoli. Idadi ya kaboni ni ile ile, OH zile zile, uzito ule ule. Tofauti ni OH moja tu iliyoelekea upande mwingine. Kwa tofauti hiyo moja, manitoli inapangika vizuri sana na kukimbilia fuwele inayoyeyuka karibu na nyuzi 166, wakati sorbitoli inasitasita na kubaki shira. Kwa maoni yangu huo ndio ushahidi mzuri kuliko wote kwamba kuhesabu atomi hakutoshi. Lazima utazame zimekaaje.

Sasa turudi kwenye sukari, kwa sababu hapa ndipo mpishi wa kashata anapofaidika. Haya ni majoto ya kioo ya sukari mbalimbali zikiwa kavu kabisa, kwa makadirio yanayokubalika: fruktosi nyuzi 5, glukosi 31, sukrosi kati ya 62 na 70, maltosi karibu 90, trehalosi karibu 115. Fruktosi na glukosi zina atomi zile zile kwa idadi ile ile. Sukrosi, maltosi na trehalosi nazo zina kaboni 12, haidrojeni 22 na oksijeni 11 kila moja. Pete moja dhidi ya pete mbili inaeleza kwa nini kundi la kwanza liko chini na la pili liko juu. Lakini ndani ya kundi la pili tofauti inatokana na pete zipi zimeunganishwa na kwa daraja gani. Trehalosi ni glukosi mbili zilizofungwa uso kwa uso, ngumu kupinda. Sukrosi imebeba fruktosi upande mmoja, ndiyo maana inalainika mapema kuliko ndugu zake.

Joto la mchana la Mtwara linafika nyuzi 30 na zaidi, na meza ya kuuzia iliyopigwa na jua inapita hapo. Weka namba hizo kando ya zile za juu. Kioo cha glukosi tupu kinalainika mchana wa kawaida. Kioo cha fruktosi hakiwezi kuwepo nje ya friji. Cha sukrosi kinawezekana, mradi usikiharibu kwa maji.

Maji ndiyo adui namba moja. Molekuli ya maji ni ndogo mno, inajipenyeza kati ya sukari mbili, inakamata OH za pande zote, na kila mahali ilipoingia sukari inaweza kuteleza. Joto la kioo la maji yenyewe liko karibu nyuzi 137 chini ya sifuri, na kwa udogo wake, gramu moja ya maji ina molekuli nyingi kuliko gramu 18 za sukrosi. Asilimia 1 ya maji inalishusha joto la kioo la sukrosi kwa takriban nyuzi 8 hadi 10. Asilimia 3 inalileta chini ya nyuzi 40 au karibu na hapo. Asilimia 5 inalifikisha katikati ya ishirini. Kwa hiyo kashata yenye asilimia 5 ya maji haikuharibikia sokoni. Haikuwahi kuwa kioo tangu ilipotoka jikoni.

Kiasi cha maji unakisoma kwenye kipimajoto, kwa kuwa shira inachemka kwa joto la juu zaidi kadiri maji yanavyopungua. Kwenye nyuzi 115 bado kuna maji kama asilimia 13 hadi 15. Kwenye 130, kama 7 au 8. Kwenye 150 yamebaki 1 hadi 2. Ndiyo maana napinga kabisa kupima kwa rangi. Rangi inategemea asidi, aina ya sukari na ukali wa moto, na shira inaweza kuwa ya kahawia ikiwa na maji mengi tu ndani.

Kwa sinia moja: sukari gramu 500, maji mililita 150, glukosi ya maji (ile nzito inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki) gramu 150, chumvi nusu kijiko cha chai, siagi gramu 20, na korosho zilizokaangwa gramu 400. Yeyusha sukari kwenye maji na glukosi kwa moto mdogo mpaka usione chembe hata moja, ndipo upandishe moto. Chembe moja iliyobaki ni fuwele tayari, na molekuli nyingine zote zitaitumia kama mfano wa kujipanga. Kwa sababu hiyo hiyo pangusa kuta za sufuria kwa brashi iliyolowa maji, na shira ikishachemka acha kukoroga. Kipimajoto kitakaa sana kati ya 105 na 115 kwa sababu maji mengi yanaondoka hapo. Kikipita 130 kitakimbia, basi punguza moto. Kwenye 150 zima, tia siagi na chumvi, mimina korosho, geuza mara chache na umwage kwenye sinia lililopakwa mafuta.

Aliyeko Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, asitumie 150. Kule maji yanachemka karibu nyuzi 2 chini ya yanavyochemka Mikindani, na shira nayo inafuata. Chemsha maji matupu kwanza, soma kipimajoto kiko nyuzi ngapi chini ya 100, kisha punguza tofauti hiyo kutoka kwenye 150. Zoezi hilo linafaa hata kwa aliyeko ufukweni, maana vipimajoto vingi vya bei nafuu havisemi kweli.

Korosho ziwe za moto zinapoingia, na ziwe kavu. Korosho iliyobanguliwa inaruhusiwa kuwa na maji hadi asilimia 5, na maji hayo hayatabaki ndani yake; sukari kavu iliyoizunguka itayavuta siku zinavyokwenda. Kashata inaanza kunata kwenye mpaka wa korosho, watu wanasema ni hewa, kumbe unyevu ulitoka ndani. Kaanga kwa moto mdogo mpaka korosho ikivunjwa inakatika kavu, halafu ziache kwenye kikaango chenye moto hadi dakika ya kuzimwaga. Zikiwa baridi zinaipoza shira papo hapo, inashikana mafungu mafungu kabla hujaitandaza.

Kuhusu kutandaza, hapa kuna jambo ambalo wapishi wanalijua kwa mikono na umbo la molekuli linalieleza vizuri. Shira inakupa muda mfupi mno. Kwa mchanganyiko huu, kwenye nyuzi 120 inatiririka, kwenye 80 hivi inakubali kisu, na kwenye 60 ukikata inapasuka. Karibu na joto la kioo, kila inapopoa kwa nyuzi 3 au 4 mnato wake unazidishwa mara kumi. Mfua vioo wa kweli, anayefanya kazi na mchanga ulioyeyushwa, hana haraka hiyo. Silika safi, ambayo ndiyo madini ya mchanga huo, yenye joto la kioo karibu na nyuzi 1200, inahitaji kupoa nyuzi zaidi ya 70 ili mnato upande mara kumi.

Sababu ni vifungo. Kwenye silika kila atomi ya silikoni imefungwa kwa oksijeni nne, na kila oksijeni inaunganisha silikoni mbili, mtandao mmoja usiokatika. Joto likipanda au likishuka, mtandao ni ule ule, kinachobadilika ni kasi ya vifungo kukatika na kuunga tena. Kwenye sukari vifungo vya haidrojeni ni vyepesi na havina mwelekeo mkali kama ule. Ukipasha kidogo, mpangilio wote wa ujirani unabomoka. Austen Angell, mwanakemia mzaliwa wa Australia aliyefanya kazi Marekani, ndiye aliyezipa tabia hizo mbili majina katika miaka ya 1980: vimiminika vya aina ya silika aliviita imara, na vya aina ya shira aliviita tete. Neno tete hapa halihusu kuvunjika kwa kashata mkononi. Linahusu jinsi mnato unavyobadilika kwa joto. Kwa mpishi maana yake ni moja tu: sinia, kifimbo cha kusukumia na kisu kilichopakwa mafuta viwe tayari kabla ya kuzima jiko. Sukuma mpaka unene wa milimita 6 hivi, kata mistari, ondoka.

Sasa kwa nini glukosi ya maji, wakati wengi tumezoea ndimu? Kazi ya vyote viwili ni kuzuia fuwele. Sukrosi ikiwa peke yake, molekuli zote zinafanana, na hata zikiwa nzito zinaweza kupata safu. Ukichanganya na maumbo mengine, kila fuwele inayoanza inapokea mgeni asiyetoshea, na inadumaa. Ndimu inatengeneza wageni hao kwa kuikata sukrosi yenyewe: asidi ya ndimu ikisaidiwa na moto inakata lile daraja la oksijeni, na kila sukrosi inayokatwa inatoa glukosi moja na fruktosi moja. Tatizo umeshaliona. Umeondoa molekuli ya nyuzi 65 ukaweka mbili za 31 na 5. Kidogo kinasaidia, kikizidi umetengeneza gundi. Na huwezi kukidhibiti kwa urahisi, kwa kuwa ukataji unategemea muda. Kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu kwa gramu 500 za sukari, kwenye jiko la gesi lenye moto mkali, kinakata sehemu ndogo. Kijiko hicho hicho kwenye mkaa unaofifia, shira ikichemka taratibu, kinakata nyingi zaidi. Mpishi ni yule yule, vipimo ni vile vile, kashata ni tofauti, na lawama zinakwenda kwenye sukari ya mwezi huu.

Glukosi ya maji inatoka kwenye wanga wa mahindi au muhogo uliokatwa nusunusu. Ndani yake kuna glukosi, kuna maltosi, na kuna minyororo ya pete nyingi. Hiyo minyororo ndiyo ninayoitaka. Inazuia fuwele kwa sababu haitoshei popote, inaongeza mnato, na kwa urefu wake hailishushi joto la kioo kama fruktosi inavyofanya. Kama huna, tumia ndimu, lakini moto uwe mkali na sufuria iwe pana ili maji yaondoke haraka. Asali usiitumie kama mbadala. Sukari zake nyingi ni fruktosi na glukosi.

Ukilielewa hilo, mabibo hayana siri tena. Sukari ya bibo karibu yote ni glukosi na fruktosi, na viwango vyake havipishani sana, pamoja na asidi za matunda ambazo nazo majoto yao ya kioo yako chini. Hata ukifanikiwa kuondoa maji yote, mchanganyiko huo unakuwa na joto la kioo katikati ya 5 na 31, chini ya joto la chumba cha kawaida hapa kwetu. Hakuna jiko litakalobadilisha hesabu hiyo. Ukipandisha moto ili kulazimisha, fruktosi inaungua kabla ya wenzake, unapata rangi nyeusi na uchungu. Wanaotengeneza unga wa juisi ya mabibo kwa mashine ya kunyunyizia hewa moto wanakutana na jambo hilo hilo, unga unaganda kwenye kuta za mashine. Dawa yao ni kuongeza molekuli ndefu, hasa maltodekstrini, ambayo joto lake la kioo linapita nyuzi 140. Inatakiwa nyingi, mara nyingine nusu ya uzito mkavu wote au zaidi, na ladha inapungua. Kwa jikoni nyumbani ushauri wangu ni kuyaacha mabibo yawe jemu au juisi. Yanafaa sana kwa kazi hizo, na kunata hapo si kosa.

Kabla sijaiacha kashata, suala la kuifungasha. Sukari ya fuwele inavumilia hewa hadi unyevu wa asilimia 85 ndipo ianze kulowa, glukosi inaanza kwenye 74 hivi, fruktosi kwenye 62. Asubuhi nyingi za pwani yetu zinapita 80. Lakini hizo ni namba za fuwele. Kioo hakingoji kizingiti. Molekuli zake zimekaa ovyo, OH nyingi ziko wazi, na kinakunywa unyevu hata hewa ikiwa kavu. Uso unalowa kwanza, joto la kioo la ngozi ile ya juu linashuka chini ya joto la chumba, molekuli zinapata uhuru, na sasa zinaanza kujipanga fuwele ambazo zilikosa nafasi siku ya mapishi. Fuwele ya sukrosi haibebi maji, hivyo inayatema kwa tabaka linalofuata, nalo linalainika. Ndiyo maana kashata iliyoachwa wazi hunata kwanza, halafu inafanya weupe na chengachenga kuanzia nje kwenda ndani. Fungasha ikiwa bado na uvuguvugu kidogo, kwenye mfuko mzito wa chakula uliozibwa kwa moto au kopo lenye mfuniko wa kubana. Gazeti halizuii chochote.

Tuje kwenye maganda. Kati ya tabaka mbili za ganda la korosho kuna vijitundu vilivyojaa mafuta makali, yale yanayowaunguza wabanguaji vidole. Yakitoka bila moto, sehemu kubwa ni asidi ya anakadi. Yakipashwa karibu na nyuzi 180 hadi 200, asidi hiyo inatoa hewa ya kaboni dioksidi na kubaki kadanoli: pete moja yenye OH, na mkia wa kaboni 15. Mkia huo unakuja kwa namna nne. Upo ulionyooka, na ipo yenye vifungo maradufu kimoja, viwili au vitatu, na kila kifungo cha namna hiyo kinaukunja mkia. Molekuli yenye mkia ulionyooka ikiwa peke yake ni kitu kama nta, inayeyuka karibu na nyuzi 50. Ingekuwa imeganda kwenye kila ghala la Mtwara. Lakini hiyo ni sehemu ndogo tu ya mafuta. Iliyojaa ni mikia iliyokunjwa, kila mmoja kwa idadi yake. Kuni zilizonyooka zinafungika mzigo wa kubana, matawi yaliyopinda kila moja kivyake yanabaki na mapengo hata ukaze kamba vipi. Mafuta yanabaki mafuta.

Vifungo hivyo maradufu vina upande wa pili. Ukiacha ndoo wazi, oksijeni ya hewa inaanza kuviunganisha mkia kwa mkia, na mafuta yanazidi kuwa mazito, safari hii bila kupoa. Ukitumia formaldehaidi kuunganisha pete, unapata utomvu mgumu unaoingia kwenye vanishi na bitana za breki. Kila kiungo kipya kinapunguza uhuru wa molekuli, joto la kioo linapanda. Ila ule mkia wa kaboni 15 unabaki umening'inia na kulegea, ndiyo maana utomvu wa kadanoli unavumilia kishindo bila kupasuka kuliko ule wa fenoli tupu, yaani pete yenye OH isiyo na mkia. Anayejaribu kazi hii asichome maganda kwenye jiko lililofungwa. Moshi wake unawasha macho na kifua, na mafuta mabichi yasiguse ngozi.

Msandarusi wa misitu ya pwani yetu umekuwa ukifanya kemia hiyo hiyo kwa kasi yake. Utomvu unaotoka kwenye gome ni mchanganyiko wa molekuli za kaboni 20 zenye pete zilizobanana, nzito, zisizofanana, na hazina namna ya kupangika kuwa fuwele. Zikikauka zinakuwa kioo laini. Utomvu ukidondoka na kufukiwa ardhini muda mrefu, molekuli zinaungana minyororo, na kioo kinakuwa kigumu. Sandarusi hiyo ya kuchimbwa, kutoka bara la Kilwa, Lindi na kwingineko kwenye pwani hii, ndiyo iliyopitia Zanzibar katika karne ya 19 kwenda kutengeneza vanishi Ulaya na Marekani. Ilisifika kwa ugumu, na ugumu huo huo ulikuwa taabu kwa watengenezaji: haikukubali kuyeyuka kwenye mafuta ya kitani mpaka wameipasha zaidi ya nyuzi 300, ili minyororo ikatike upya. Mbichi na ya kale unazitofautisha kwa tone la spiriti. Ya mbichi inanata chini ya kidole, ya kale inabaki karibu kama ilivyo.

Joto la kioo la kashata yako unaweza kulipima bila maabara. Chukua kipande kisicho na korosho, kitie kwenye mfuko mdogo wa plastiki, toa hewa yote na uufunge maji yasiingie. Uzamishe kwenye sufuria ya maji ya nyuzi 30, acha dakika 10, kisha bonyeza kwa ncha ya mpini wa kijiko juu ya mfuko kwa sekunde tano. Pandisha maji kwa nyuzi 5, subiri dakika 10 tena, bonyeza. Nyuzi ambazo kwa mara ya kwanza mpini unaacha kishimo ziko juu kidogo tu ya joto la kioo. Kishimo kikitokea kwenye 50 au zaidi, mzigo unafika Masasi salama. Kikitokea kwenye 45, uza mapema na usiziweke juani. Kikitokea kwenye 35, usizifungashe: zirudishe sufuriani na maji kidogo, chuja korosho, yeyusha mpaka chembe zote ziishe, upike tena hadi 150. Na kama hata baada ya kuzipika upya kishimo kinakuja pale pale kwenye 35, maji hayana kosa tena, punguza ndimu kama uliitumia.